Magunia manne yaliyonipita nikiwa kwenye simu

Kila gunia lilipopita kuelekea kwenye Fuso, mzee alichovya mkono kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake, kisha akautia kwenye mfuko wa kulia. Kushoto, kulia. Nilidhani ni baridi. Ilikuwa Machi, rasharasha ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na tulikuwa juu kabisa, njia ya Isyonje kwenda Kikondo, ambako ukungu ukishuka humwoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Kila mtu shambani alikuwa na mikono mfukoni. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mkono nje, nimeshika simu.

Kazi yangu ni kukusanya viazi. Tajiri yuko Dar es Salaam, mimi niko Uyole. Napita kwa wakulima wa milima ya Uporoto, tunapatana bei, vijana wanachimba, wanajaza, wanashona na kupakia, mimi nahesabu. Ugali wangu uko hapo kwenye kuhesabu. Gunia likipungua sokoni nalilipa mimi. Likizidi, basi kuna mkulima aliyeibiwa, hata kama mwizi hayupo.

Na si hesabu tu. Papo hapo unatakiwa uandike vitu vidogo vidogo: nani amechukua advansi, gunia lipi limerudishwa kwa sababu lina kilemba. Wanaojua viazi wanajua lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini kila msimu utamkuta mtu ameunganisha wavu juu ya mdomo wa gunia, amerundika mpaka limesimama kama mtu aliyevaa kofia. Usipoandika pale pale kwamba la 23 limerudishwa likafunguliwe, jioni kuna ugomvi.

Yote hayo nilikuwa naandika kwenye simu janja, tena kwa kujidai. Madalali wenzangu walikuwa na vidaftari vilivyojikunja pembe kama masikio ya mbuzi. Mimi nilitoa simu, nikafungua sehemu ya kuandikia, nikaweka jina la mkulima juu na namba chini. Nilijiona niko mbele yao miaka ishirini.

Imani hiyo niliipata kwenye sensa. Mwaka 2022 nilikuwa karani, mmoja wa vijana wengi waliomaliza chuo wakakaa nyumbani wakisubiri. Waliohesabu watu mwaka 2012 walibeba madodoso ya karatasi. Sisi tulipewa vishikwambi. Sijawahi kushika kitu chenye ukali kama kile. Ukiruka swali, hakiendi mbele. Ukiandika umri usioingia akilini, kinakuuliza kama una uhakika. Karatasi inapokea upuuzi wowote utakaoiandikia, wala haikunji uso. Tulihesabu kuanzia usiku wa kuamkia 23 Agosti, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo taifa likatangaziwa kwamba tuko watu 61,741,120. Hapo nilisema karatasi kwaheri.

Lakini kuna bibi mmoja ambaye nilipaswa kumsikiliza vizuri zaidi. Sitasema ni wa kitongoji gani wala alijibu nini, kwa kuwa tulikula kiapo cha siri. Nitasema tu alichoniuliza baada ya kumaliza. Nilikuwa nimeshainuka, nimeaga, akaniita.

"Mjukuu wangu, mbona hujaniandika?"

"Nimekuandika, bibi. Umo humu."

"Kalamu iko wapi?"

Nilicheka, nikamwonyesha kioo, akakitazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto asiyemjua. Nikaondoka. Stori hiyo niliisimulia mara nyingi, kila mara kwa kucheka.

Turudi shambani. Kupakia kulipokwisha nilimfuata mzee, nikamwambia, "Sitini na saba, baba," nikamwelekezea simu aone. Hakuitazama. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba kipande cha turubai, akamwaga mfuko wa kulia wa koti. Zilitoka punje za mahindi. Punje moja kwa kila gunia lililopita. Tuliziweka kumi kumi, mimi na yeye, vijana wamesimama juu yetu. Mafungu saba, na punje moja pembeni. Sabini na moja.

Nilimwambia labda aliingiza punje mbili kwa mkupuo, vidole vikiwa na ganzi. Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

"Mwanangu, mimi nimekuona unabonyeza. Ukipita mzigo unabonyeza. Ukipigiwa unabonyeza. Ukicheka peke yako unabonyeza. Nitajuaje ni kubonyeza kupi kulikuwa kwa viazi vyangu?"

Kushusha magunia tuhesabu upya haikuwezekana. Juu yake ilikuwa imepangwa mizigo ya wakulima wengine wawili, turubai limefungwa kamba, na dereva alitaka kumaliza miteremko kabla ya giza. Tulipatana nimlipe 67, hayo manne yasubiri hesabu ya Dar. Bei ilikuwa 60,000 kwa gunia, kwa hiyo tulikuwa tunabishania 240,000. Kwa mtu anayenunua mbolea kwa kuuza kuku, hiyo si hela ya kubishania ukiwa umesimama.

Gari lilitembea zaidi ya kilomita 800, likashushwa, tajiri akanipigia kesho yake jioni. Kwa hesabu yangu mzigo wote ulikuwa magunia 154. Yalishuka 158. Wale wakulima wawili, magunia yao yalikuwa yameshashonwa na kupangwa kwa safu tangu juzi yake, hata mtoto angeyahesabu. Kosa lilikuwa kwa mzee tu, na lilikuwa langu.

Usiku ule nililala nikiikagua simu kama polisi. Simu yenyewe ndiyo iliyonitolea ushahidi. Kwenye orodha ya waliopiga, tajiri alikuwa amenipigia saa nne na dakika 12 asubuhi, tukaongea dakika 3 na sekunde 40. Nakumbuka maongezi yenyewe: bei ya Dar imeshuka, nijitahidi kubana. Nilikuwa nimegeuka nimewapa mgongo wapakiaji ili mzee asisikie neno "bana." Vijana wale walikuwa wanapitisha gunia moja kila baada ya kama dakika moja. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo chombo nilichokuwa nahesabia ndicho kilichonizuia kuhesabu. Daftari halijawahi kumpigia mtu simu.

Nilimtumia mzee 240,000 yake usiku huo huo, na Jumamosi nikapanda na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Alizipokea kwa mikono miwili. "Hukuniibia," akasema, "ulipigiwa simu." Sijui alinisamehe au alinisuta. Kwa wazee wa kule vitu hivyo viwili vinakaa kwenye sentensi moja.

Wiki iliyofuata nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, ujinga wa pili. Kaunta buku ni ya mezani. Shambani mkono mmoja unashika daftari, mwingine kalamu, wa kushika mwamvuli hakuna. Nikashuka hadi kidaftari kinachoenea kiganjani, jalada gumu, kinachoingia mfuko wa koti bila kujikunja.

Halafu kalamu. Kule juu kalamu si jambo dogo. Nilianza na kalamu ya jeli kwa sababu inaandika vizuri. Wino wake una maji ndani yake, na matone matatu ya mvua yaliwageuza wakulima watano kuwa wingu la bluu. Nikahamia kwenye biki. Biki ukishaandika ikakauka, maji hayaiondoi kirahisi, na hilo tunamshukuru Mhungaria mmoja, László Bíró, mwandishi wa habari, aliyeipatia hataza mwaka 1938 akitafuta wino mzito unaokauka haraka. Tatizo ni kuandika kwenyewe. Kalamu ile ina kipira nchani, na kipira lazima kizunguke kwenye karatasi ndipo kibebe wino. Karatasi ikiwa na unyevunyevu, kipira kinateleza tu. Asubuhi ya Juni, wino nao umeganda kwa baridi, unakwaruza mara nne, unapuliza ncha, unaisugua kiganjani, na wakati huo magunia hayakusubiri.

Kilichobaki ni penseli. Haina wino wa kuganda wala wa kuchujuka, ni unga wa grafaiti na udongo tu, unaandika hata juu ya karatasi iliyopata umande, na inachongwa kwa kisu kile kile cha kukatia uzi wa kushonea. Tajiri aliposikia alipinga. Alisema penseli inafutika, mkulima na dalali wanaweza kula njama wakampiga hela. Alikuwa na hoja. Nilichofanya ni kuchukua koleo na kung'oa kile kifutio cha nyuma, na sibebi kingine. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja, naandika pembeni. Kosa linabaki linaonekana.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti ambayo hakuna kasi wala urahisi wowote ungenionyesha. Kwenye simu nilikuwa nafuta 41 naandika 42, nafuta 42 naandika 43. Mwisho inabaki namba moja tu, haina baba wala mama. Ukiulizwa imetoka wapi, huna cha kuonyesha. Kwenye daftari napiga vijiti: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao, kama sisi sote tulivyofundishwa darasa la pili. Gunia moja, kijiti kimoja. Mahali niliposita panaonekana, kijiti kimetetemeka. Nilipokata panaonekana. Na mzee hahitaji kusoma maandishi yangu ili kuvihesabu vijiti hivyo.

Isitoshe, anavihesabu kweli. Nilikuwa sijui kwamba watu wanasoma daftari lako likiwa limepinduliwa upande wao. Mkulima anasimama mbele yangu, macho yako kwenye penseli. Gunia likipita kabla sijapiga kijiti, anakohoa. Mama mmoja wa njia ya Igoma alinishika mkono kabisa: "Hicho, dada, hicho bado." Kwenye simu hakuna aliyewahi kukohoa. Angekohoa vipi? Kioo kimenielekea mimi, na mtu mwenye adabu hachungulii simu ya mwenzake. Nikamkumbuka yule bibi wa sensa na kalamu yake.

Sasa, nisije nikaonekana naiimbia karatasi. Karatasi imeniumiza vibaya.

Kidaftari cha kwanza kiliishia jikoni kwetu. Nilikuwa nimekianika karibu na jiko kikauke, mdogo wangu akachana kurasa mbili za mwanzo kuwashia mkaa. Kurasa mbili zile zilikuwa na advansi zote za wiki. Niliwapigia wakulima mmoja mmoja kuwauliza ninawadai kiasi gani, na nakuhakikishia hakuna simu ngumu kama hiyo. Watu wa kule ni waungwana, karibu wote walisema kweli. Nimesema karibu.

Cha pili nilikisahau kwenye bajaji Mafiati. Hakikurudi. Na hata vilivyobaki vina ugonjwa wao: mwandiko wa harakaharaka. Nina ukurasa umeandikwa "Mama K 12 bado." Mama K nawafahamu sita. Kumi na mbili za nini, magunia, elfu, tarehe? Aliyeandika ni mimi, na siwezi kumuuliza.

Kwa hiyo simu haikutoka kazini, ilibadilishiwa kazi tu. Jioni nikishakaa kwenye gari au nikifika Uyole, mikono mikavu, napiga picha kila ukurasa wa siku hiyo. Picha inabeba tarehe na saa bila kuombwa. Naituma kwa tajiri na kwa mkulima mwenye simu inayopokea picha. Wenye kiswaswadu nawaandikia ujumbe mfupi: jina, idadi, nilicholipa, kinachobaki. Bei za msimu uliopita nazitafuta kwenye simu, kwa sababu kwenye daftari ningetafuta mpaka viazi viote. Na jambo ambalo halivumilii kuandikwa, kama maelekezo ya njia mpya au lalamiko la mtu, narekodi sauti yake, kwa idhini yake.

Ila wakati wa kuhesabu simu inakaa kwa mshonaji wa magunia. Kijana yule anapokea, anasema, "Yuko kwenye mzigo," anakata. Tajiri alinuna wiki nzima. Nilimkumbusha zile dakika 3 na sekunde 40, akanyamaza.

Mdogo wangu mwingine, anayesoma hapa hapa Mbeya, aliona vijiti vyangu akaniletea habari za watafiti wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, ambao mwaka 2014 waliandika kwamba wanafunzi wanaoandika kwa mkono wanaelewa mhadhara vizuri kuliko wanaochapa kwenye kompyuta, kwa kuwa anayechapa ananakili neno kwa neno. Nilifurahi, nikawa nalitaja kila mahali. Baadaye akaniambia kuna wengine waliurudia utafiti ule mwaka 2019 na hawakuona tofauti kubwa namna ile. Nikaacha kulitaja. Lakini hata kama ni kweli, wale walikuwa ukumbini, wamekaa, pakavu, na mhadhiri hawadai hela.

Mtu asiyepanda kule huwa haamini simu inavyohangaika. Kioo chake hakisikii msukumo, kinasikia chaji ndogo ya umeme inayonyonywa na kidole. Tone la mvua linafanya hivyo hivyo, na simu inadhani una vidole sita, inaandika inachotaka. Futa maji, sasa kidole kina tope lililokauka, haikusikii kabisa. Na ukikaribia Kitulo, ambako ni zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, betri inayoonyesha asilimia 30 inaweza kuzima ghafla kwa baridi, ukiitia kwapani ikapata joto inawaka tena kana kwamba haikufanya kitu. Nimetembea na simu kwapani kama kipimajoto cha zahanati. Penseli nayo nilishawahi kuivunja mara mbili kwa siku. Ninazo tatu.

Kidaftari kinakaa ndani ya ule mfuko mgumu wenye zipu wanaofungia mashuka mapya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo ule wa mashuka nyumbani kwetu ni mali, mama ananiulizia kila nikirudi.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kwa mzee wa punje. Koti ni lile lile. Simu ilikuwa kwa mshonaji, kidaftari mkononi, mzee mbele yangu, kushoto, kulia. Hatukuongea muda wote wa kupakia. Mwisho nilimpa daftari ahesabu vijiti mwenyewe, naye akanimwagia punje zake kwenye turubai nizihesabu mimi. Tulimaliza karibu pamoja.

Vijiti vilikuwa 58. Punje zilikuwa 57.

Nilihesabu tena. Akahesabu tena. Vijana wakaanza kuangaliana, dereva akazima injini. Nilishaanza kusema labda nimepiga kijiti mara mbili pale ndama alipokatiza, mzee akaniinulia kiganja ninyamaze. Alivua koti, katika baridi ile, akabaki na sweta. Akapindua mfuko wa kulia, akautazama dhidi ya mwanga, akatumbukiza kidole kwenye kona. Kidole kikatokea upande wa pili. Alianza kupapasa pindo la koti polepole, kutoka mbavuni kuzunguka mgongoni, mpaka akasimama mahali, akaminya, akasukuma kile kitu kidogo juu kwa juu ndani ya bitana hadi kwenye tundu.

"Ya hamsini na nane hii hapa," akasema, akaniwekea kiganjani.